Shah Shuja, mfalme aliyerudishwa na bunduki za wageni

KATIKA miaka 20 ambayo majeshi ya Marekani na NATO yalikuwa Afghanistan, kuanzia 2001 hadi 2021, Taliban walikuwa na tusi maalumu kwa Hamid Karzai, rais wa wakati huo. Walimwita Shah Shuja. Mwenye jina aliuawa mwaka 1842, lakini tusi liliuma, na liliuma zaidi kwa kuwa Karzai ni Mpopalzai, kabila lile lile la mfalme huyo.

Nawaletea habari zake kwa sababu wengi mnaosoma ukurasa huu mliwahi kuishi ukimbizini mkarejea, na wengine riziki yenu iko kwenye barabara ya mpakani. Mambo hayo mawili yamejaa katika maisha ya mtu huyu.

Shah Shuja alikuwa mjukuu wa Ahmad Shah Durrani, mwasisi wa dola ya Waafghani. Alitwaa kiti mwaka 1803, akapinduliwa 1809. Akatangatanga, akafungwa, na mwaka 1813 akiwa Lahore, Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga, akamnyang'anya almasi ya Koh-i-Noor. Mwishowe alipata hifadhi kwa Waingereza huko Ludhiana, India, akila posho yao. Zaidi ya mara moja alikusanya watu ili arudi kwa nguvu. Mwaka 1834 alipigwa Kandahar. Hakuchoka.

Mwaka 1838 Waingereza wakamkumbuka. Waliogopa Urusi isije ikaifikia India kupitia Kabul, na hawakumwamini Dost Mohammad Khan aliyekuwa akitawala huko. Shuja akatia saini mkataba pamoja nao na Ranjit Singh, akikubali kuiachia Peshawar. Agosti 1839 aliingia Kabul akisindikizwa na jeshi la Waingereza, miaka 30 tangu apinduliwe.

Hapa wafanyabiashara mtanielewa haraka. Jeshi lenye fedha liliponunua nafaka sokoni, bei zilipanda, na maskini wa Kabul wakashindwa kununua hata unga. Kisha ikaja habari ya barabara. Njia ya Kabul kwenda Jalalabad hupita katikati ya milima ya Waghilzai, nao walikuwa wakilipwa ili misafara ipite salama. Mwaka 1841 wakubwa wa Waingereza walitaka gharama zipunguzwe. Mwakilishi wao Kabul, William Macnaghten, akakata malipo hayo nusu. Waghilzai wakafunga njia. Kwa maoni yangu, akiba ile ndogo iliwagharimu Waingereza kuliko mizinga yoyote ya adui. Naye Shuja, ambaye hakuwa na sauti juu ya fedha hizo, ndiye aliyeonekana kuvunja ahadi ya wafalme.

Novemba 2, 1841 umati ulivamia nyumba ya ofisa wa Kiingereza, Alexander Burnes, ukamuua. Majeshi yake yalikuwa kambini nje kidogo ya mji, hayakwenda kumwokoa. Aliyetuma askari asubuhi ile ni Shuja, huyo huyo aliyeitwa kibaraka. Walizidiwa vichochoroni wakarudi. Wanaomtukana hawalisemi hilo, na Waingereza nao baadaye walimshuku kuwa msaliti!

Desemba Macnaghten naye aliuawa. Januari 1842 watu wapatao 16,000, askari na raia walioandamana nao, wengi wao Wahindi, waliondoka Kabul kwenye theluji. Wachache mno walifika Jalalabad.

Shuja alibaki katika ngome ya Bala Hissar. Wakuu wa koo wakamtaka athibitishe kwamba ni wao, aongoze vita dhidi ya Waingereza waliobaki Jalalabad. Alisitasita kwa wiki nyingi. Aprili 5, 1842 alipotoka ngomeni, kijana wa ukoo wa Barakzai alimvizia akampiga risasi.

Waingereza walirudi Septemba kulipiza kisasi. Oktoba waliliharibu soko kuu la Kabul, Char Chatta, na wenye maduka, Wahindu kwa Waislamu, wakafilisika. Kisha wakafunga mizigo. Dost Mohammad, aliyekuwa kizuizini India, waliachana naye arudi, akatawala hadi alipofariki mwaka 1863. Fateh Jang, mwana wa Shuja, hakuthubutu kubaki Kabul. Aliondoka na jeshi kwenda India.