Usiache Mbachao: Funzo la Knute Rockne

Kila msimu wa michezo unapomalizika, barazani na maofisini huzuka mjadala ule ule: mwalimu yupi wa timu aondolewe na yupi aletwe. Mmoja humtaka mtu wa mtaani kwake, mwingine humtaka mgeni kutoka mbali, na wa tatu humtaka yule anayesalimiana naye kila Ijumaa. Watu hudhani jambo hili ni la mchezo tu. Sisi hatuoni hivyo. Anayekabidhiwa timu ya chuo amekabidhiwa vijana, na anayemchagua amebeba amana. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo tuwaeleze wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu wenye dhamana ya kuteua, habari za mtu mmoja wa Marekani ambaye kuteuliwa kwake kuna mafunzo mengi.

Mtu huyo ni Knute Rockne. Alizaliwa tarehe 4 Machi, 1888 katika mji wa Voss, nchini Norway, na alipokuwa mtoto wa miaka mitano familia yake ilihamia Chicago. Hakuwa mtoto wa tajiri. Baada ya kuacha skuli alifanya kazi posta kwa miaka kadhaa, akiweka akiba kidogo kidogo, hata mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 22, akaingia Chuo Kikuu cha Notre Dame kilichopo katika jimbo la Indiana. Wenzake wengi wa darasa walikuwa wadogo kwake. Tena chuo kile ni cha Wakatoliki, naye alikuwa Mlutheri na mhamiaji.

Alisoma kemia na ufamasia, akafaulu vizuri sana. Vile vile alicheza kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Katika kiangazi cha mwaka 1913 yeye na mwenzake Gus Dorais walipata kibarua huko Cedar Point, kando ya Ziwa Erie, na kila walipopata nafasi walishuka pwani kufanya mazoezi ya kurushiana mpira na kuudaka. Timu nyingi za wakati ule ziliutumia mrusho huo kwa nadra. Tarehe 1 Novemba mwaka ule ule, chuo chao kiliishinda timu ya chuo cha jeshi cha West Point kwa pointi 35 kwa 13, na sifa za vijana wale zikaenea nchi nzima.

Alipohitimu mwaka 1914 alibaki chuoni. Mchana alisaidia katika maabara ya kemia, na jioni alimsaidia mwalimu mkuu wa timu, Jesse Harper. Kwa miaka minne alikuwa chini ya mkono wa mtu mwingine, akijifunza kuongoza kwa kutii kwanza. Harper alipoamua kuacha kazi baada ya msimu wa 1917 ili akafuge ng'ombe Kansas, alimpendekeza msaidizi wake. Chuo kikakubali, na mwaka 1918 Rockne akawa mwalimu mkuu akiwa na umri wa miaka 30.

Hapa tunapenda wasomaji watue kidogo. Harper hakumpendekeza ndugu yake wala mtu wa dini ya chuo, maana Rockne aliingia Ukatoliki baadaye, mwaka 1925. Alimpendekeza mtu aliyekwisha kumwona kazini, katika ushindi na katika kushindwa. Wahenga wetu wametuusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na chuo kile, pasipo kuijua methali yetu, kiliifuata.

Matunda yake yanajulikana. Msimu wa kwanza haukuwa wa ajabu, kwani maradhi ya mafua yalikuwa yameikumba dunia na michezo ikapungua. Wakubwa wa chuo walimpa nafasi. Katika misimu 13 timu yake ilishinda michezo 105, ikashindwa 12 na kutoka sare 5. Misimu mitano ilipita bila ya kushindwa hata mara moja. Mwaka 1930 ukafunguliwa uwanja mpya wa chuo, wenye nafasi za watazamaji zaidi ya 50,000.

Lakini hatuandiki haya ili kumfanya malaika. Mwaka 1925 aliafikiana na chuo kingine cha New York kwenda kufundisha huko, ingawa mkataba wake na Notre Dame ulikuwa haujaisha, na baadaye jambo hilo likavunjika. Mwaka 1926 aliiacha timu yake mikononi mwa msaidizi wake, Hunk Anderson, naye akaenda Chicago kutazama mchezo wa timu nyingine. Siku hiyo timu ya Carnegie Tech, iliyodharauliwa, ikawafunga vijana wake 19 kwa 0. Dharau ya kiongozi hulipwa na wale anaowaongoza.

Tarehe 31 Machi, 1931 ndege aliyopanda ilianguka huko Kansas, na watu wote wanane waliokuwamo wakafa. Alikuwa na umri wa miaka 43. Chuo, kikiwa katika msiba, kikampa Anderson uongozi wa timu. Naye alikuwa mtu wa nyumbani, mchezaji wa zamani na msaidizi wa marehemu. Hata hivyo, mwaka 1933 timu ilishinda michezo mitatu tu na kushindwa mitano, naye akaondoka. Nafasi yake akapewa Elmer Layden, mwanafunzi mwingine wa Rockne, aliyekuwa amekwisha kuongoza timu ya chuo kingine, na mambo yakatengemaa.

Basi methali ya mbachao nayo ina mipaka yake. Ukaribu peke yake si sifa. Harper alimchagua Rockne kwa kumjua na kwa utulivu. Anderson alichaguliwa kwa huzuni, na huenda mzigo wa jina la marehemu ulikuwa mzito kwa mabega ya mtu yeyote.

Kwa maoni yetu, wenye dhamana ya kuteua wajiulize mambo matatu kabla ya kutia saini. Je, mtu huyu tumemwona akifanya kazi, au tumesikia sifa zake tu? Je, tunamchagua kwa uwezo wake, au kwa nasaba na urafiki? Je, tuko tayari kumvumilia msimu mmoja mgumu? Ikiwa majibu yanatia aibu, kalamu na irudishwe mfukoni. Vijana wetu hawana sauti katika uteuzi huo, bali wao ndio watakaoingia uwanjani kuulipia.