Padri Augustus Tolton, Mtoto wa Watumwa

Wakatekumeni wapenzi, wako watoto wengi wa Afrika ambao wazee wao walichukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari. Walisahau lugha na kabila, lakini damu yao ni damu yetu, nao wameijenga Eklezya kwa jasho lao. Leo tujifunze maisha ya mmoja wao.

Augustus Tolton alizaliwa tarehe 1 Aprili 1854, katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani. Baba yake Peter na mama yake Martha Jane walikuwa watumwa, basi naye alizaliwa mtumwa. Mabwana wao walikuwa Wakristu. Mtoto alibatizwa, na bibi wa nyumba ile akawa mama yake wa ubatizo. Lifikirini jambo hilo. Kwa ubatizo alikuwa mtoto wa Mungu; kwa sheria ya nchi alihesabiwa pamoja na ng'ombe na majembe ya bwana wake.

Mwaka 1861 vita viliingia nchini. Baba alikwenda kwa askari waliopigana na mabwana wa watumwa, wala hakurudi. Mwaka 1862 mama aliwachukua watoto wake watatu, akakimbia nao. Wakavuka mto mkubwa Mississippi kwa mtumbwi, wakafika mji wa Quincy, ambako utumwa ulikatazwa.

Uhuru waliupata, lakini heshima bado. Augustus, angali mtoto mdogo, alifanya kazi katika kiwanda cha tumbako. Alipoingia shule moja ya parokia, wazazi Wazungu walikasirika, ikambidi kutoka. Ndipo Padri Peter McGirr, mtu wa Ireland, akampokea katika shule ya Mtakatifu Petro, bila kujali manung'uniko ya watu. Huko Augustus alijifunza kusoma na kutumikia Misa, na hamu ya kuwa padri ikaota moyoni mwake.

Lakini seminari za Marekani zilikataa kumpokea kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Hakuiacha Eklezya kwa hasira. Aliendelea na kazi ya mikono, na mapadri waliompenda wakamfundisha Kilatini. Mwisho wakamtafutia nafasi Roma, katika chuo kinachowaandaa wamisionari. Aliingia huko mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 25.

Kwa miaka sita alijiandaa kuja kwetu Afrika, maana alidhani kwamba Wazungu wa nchi yake hawatakubali padri Mweusi. Alipokaribia kupadirishwa, Kardinali Simeoni akamwagiza kurudi Marekani. Wakristu wa huko, alidhani Kardinali, ni lazima wamwone padri Mweusi kwa macho yao. Amri hiyo ilikuwa chungu, kwani ilimrudisha kwa watu wale wale waliomfungia mlango. Lakini alitii. Tarehe 24 Aprili 1886 alipadirishwa katika Basilika ya Mtakatifu Yohane wa Laterano, na kesho yake, siku ya Pasaka, akasoma Misa yake ya kwanza katika Basilika ya Mtakatifu Petro.

Ndiye padri wa kwanza wa Marekani aliyejulikana mbele ya wote kuwa ni Mweusi. Huko Quincy, Weusi na Wazungu walikuja pamoja kumsikiliza. Padri mmoja wa jirani alichukia jambo hilo, akamsumbua. Mwaka 1889 Padri Tolton alihamia Chicago kuwatumikia Weusi maskini. Alitembelea wagonjwa katika vibanda vyao, akaomba sadaka, akajenga kanisa la Mtakatifu Monika. Mama Katharine Drexel, mtawa Mzungu, alimsaidia kwa fedha. Lakini kazi ilipita nguvu za mtu mmoja. Tarehe 9 Julai 1897, akirudi kutoka mafungo ya mapadri, alianguka njiani kwa ukali wa jua, akafa siku ile ile. Alikuwa na umri wa miaka 43. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristu kwa ushujaa.

Ndugu zangu, tusiwahukumu Wazungu wale peke yao. Misioni yetu ya Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, ililea watoto waliokombolewa utumwani. Hata leo, wakati wa ugomvi wa shamba au wa mahari, mtu huweza kumtupia mwenzake neno kwamba babu yake alinunuliwa. Mwenye kusema hivyo hafai kucheka mabwana wa Missouri. Kisimani ni maji mamoja yatakayomwagwa juu ya vichwa vyenu vyote. Anayengojea ubatizo aanze sasa kumheshimu yule atakayepiga magoti karibu naye siku hiyo.