Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maisha ya Daktari Ida Scudder

Ndugu msomaji, methali hii tunaitumia sana, hasa mgeni anapokuja nyumbani na kuku akachinjwa. Siku hiyo hata watoto hulala wameshiba. Lakini yuko mgeni mmoja aliyeingia nchi ya watu na wenyeji wakapona kweli kweli, si kwa kuku bali kwa dawa. Mgeni huyo ni Daktari Ida Scudder, mwanamke Mmarekani aliyeanzisha hospitali mjini Vellore, kusini mwa India. La ajabu ni kwamba kazi hiyo hakuitaka hata kidogo. Alikwenda India kumwuguza mama yake tu, kisha arudi zake Marekani.

Ida alizaliwa tarehe 9 Desemba 1870 mahali paitwapo Ranipet, katika jimbo la Madras, wakati India ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Alikuwa kitindamimba. Baba yake, John Scudder, alikuwa daktari na mmisionari. Babu yake, ambaye pia aliitwa John, alikuwa daktari wa New York aliyeacha kazi yake nzuri akafunga safari mwaka 1819 kwenda Ceylon, nchi ambayo siku hizi huitwa Sri Lanka, kuhubiri Injili na kutibu wagonjwa. Ukoo huo ulitoa wamisionari zaidi ya 40. Kwa hivyo kila mtu alidhani kwamba Ida naye atafuata nyayo hizo. Si maji hufuata mkondo?

Lakini wapi! Ida alipokuwa mtoto mdogo, njaa kubwa iliikumba India ya kusini kati ya mwaka 1876 na 1878. Aliona watoto wa rika lake wamebaki mifupa mitupu, na wengine wakifa hivi hivi. Mambo hayo yalimtia hofu moyoni. Alipopelekwa Marekani kusoma katika shule ya wasichana ya Northfield, jimbo la Massachusetts, aliona amefika peponi. Alikuwa msichana mchangamfu, mpenda michezo na vituko. Alikata shauri kwamba joto, vumbi na njaa ya India amevipa kisogo. Yeye ataolewa, atakaa Marekani na kustarehe kama wenzake.

Mwaka 1890 habari zilimfikia kwamba mama yake ni mgonjwa. Basi akapanda meli akaenda Tindivanam, mji ambao wazazi wake walikuwa wakifanya kazi. Nia yake ilikuwa ni kukaa muda mfupi tu. Kumbe Mungu alikuwa na mipango yake.

Usiku mmoja Ida alikuwa amekaa chumbani mwake. Akasikia hodi. Aliyebisha alikuwa mwanamume wa tabaka la Wabrahmini, ambalo ni tabaka la juu kabisa la Wahindu. Mke wake, msichana mdogo tu, alikuwa katika uchungu wa kuzaa na wakunga walikuwa wameshindwa. Ida akamwambia kwamba yeye si daktari, ila baba yake ni daktari hodari na angekwenda mara moja. Yule mtu akakataa. Kwa desturi yao mwanamume mgeni hakuruhusiwa kumtazama mke wa mtu, sembuse kumgusa. Afadhali afe. Akaondoka kwa huzuni.

Haukupita muda mrefu, hodi tena. Safari hii alikuwa Mwislamu, naye shida yake ilikuwa ile ile. Ida alimsihi amkubali baba yake, lakini hakukubali. Kisha akaja mtu wa tatu, Mhindu wa tabaka la heshima, na maneno yakawa yale yale. Wanaume watatu, dini mbalimbali, usiku mmoja. Wote walimtaka Ida kwa kuwa ni mwanamke, na Ida hakuwa na elimu yoyote ya kuwasaidia.

Hakupata usingizi. Asubuhi alisikia ngoma za mazishi zikilia kijijini. Akamtuma mtumishi akaulize. Jibu lilikuwa kwamba wale wanawake watatu wote wamekufa.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Daktari alikuwapo, tena nyumba ya pili tu. Dawa zilikuwapo. Nauli haikuhitajika. Na bado wanawake watatu walikufa kwa sababu hakukuwa na mwanamke aliyesoma udaktari. Wengine huwalaumu wale waume na kuwaita wajinga, lakini mimi naona haitoshi kulaumu. Mtu aliyekuja usiku kutafuta msaada alimpenda mkewe. Alichokosa ni msaada ambao angeweza kuupokea. Ida alilielewa jambo hilo. Hakukaa kuwasema watu na mila zao. Aliwaambia wazazi wake kwamba anarudi Marekani, si kustarehe tena, bali kusomea udaktari.

Wakati huo wasichana waliosomea udaktari walikuwa wachache mno. Ida alianza katika chuo cha udaktari cha wanawake mjini Philadelphia, halafu akahamia chuo cha Cornell mjini New York kilipoanza kupokea wanawake. Alihitimu mwaka 1899. Kabla ya kuondoka alitafuta pesa za kujenga hospitali ya wanawake. Tajiri mmoja wa benki, Bwana Schell, alimpa dola 10,000 ili ijengwe kwa ukumbusho wa marehemu mke wake.

Alifika Vellore mwaka 1900, na mwaka huo huo baba yake akafariki. Ida, daktari mpya asiye na uzoefu, akabaki peke yake. Alianza katika nyumba ya wazazi wake akiwa na kitanda kimoja tu. Mwanzoni watu walimwogopa. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Katika miaka miwili alikuwa amewatibu wagonjwa wapatao 5,000, na mwaka 1902 hospitali ya Schell ikafunguliwa ikiwa na vitanda 40.

Kwa vile wagonjwa wengi hawakuweza kufika mjini, Ida aliwafuata huko huko. Alipita kwa gari la kukokotwa na wanyama, na baadaye kwa motokaa, akisimama njiani chini ya miti. Hapo watu walikuwa wakingoja na vidonda vyao, macho mabovu na watoto wenye homa. Hizo ndizo zilikuwa zahanati zake za barabarani.

Hata hivyo Ida aliona kwamba mikono miwili haiwezi kuitibu India. Leo angewatibu 100, na kesho wangekuja 200. Na je, akifa? Basi akaamua kufundisha. Mwaka 1909 alianzisha shule ya wauguzi. Kisha mwaka 1918 akafungua shule ya udaktari kwa wasichana wa India. Wakubwa wa serikali walimcheka chini chini. Walidhani hatapata hata wasichana sita. Walioomba nafasi wakawa 151! Mwaka 1922 kundi la kwanza la wasichana 14 lilifanya mtihani wa serikali pamoja na wanaume wa vyuo vingine. Wanaume wengi walianguka vibaya. Wasichana wa Ida walipita wote 14. Waliocheka walinyamaza kimya.

Baadaye serikali ilipandisha kiwango cha masomo ya udaktari na chuo kikawa karibu kufungwa. Ida, akiwa bibi kizee wa miaka 70 na zaidi, alirudi Marekani akazunguka huku na huku kuchangisha pesa mpaka chuo kikasimama. Mwaka 1947 wavulana pia wakaanza kupokewa. Ida alikuwa amestaafu mwaka 1946, na baada ya muda si mrefu chuo na hospitali vikawa chini ya mwanamke wa Kihindi, Daktari Hilda Lazarus. Ida alifariki Kodaikanal mwezi Mei 1960 akiwa na umri wa miaka 89. Hakuwahi kuolewa.

Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, madaktari wa Vellore walifanya operesheni ya kwanza iliyofanikiwa ya kufungua moyo nchini India, na mwaka 1971 wakapandikiza figo kwa mafanikio kwa mara ya kwanza nchini humo. Hata sasa hospitali hiyo hupokea maelfu ya wagonjwa kila siku.

Sisi hapa Kenya tumezoea kuona wageni wa makanisa wakija kwa wiki moja au mbili. Hutembelea hospitali, hugawa dawa, huombea wagonjwa, kisha hupanda ndege wakaenda. Nia yao ni njema na hatuwezi kuwabeza. Mgonjwa aliyepona siku ile amepona. Lakini wiki ya tatu akija mwingine, atatibiwa na nani? Tena tunajua jinsi harambee zinavyofanywa vijijini ili mgonjwa apelekwe India kutibiwa. Tunauza ng'ombe na shamba ili kuwafikia madaktari ambao babu zao, zamani za Ida, walikuwa na shida kama zetu. Tofauti ni kwamba wao walifundishwa, wakafundishana.

Kwa maoni yangu, wema mkubwa wa Ida haukuwa kutibu. Ulikuwa kuhakikisha kwamba akiondoka mgeni, mwenyeji anabaki na ujuzi. Ngoma zile tatu za asubuhi hakuzijibu kwa machozi peke yake, wala kwa zawadi. Alizijibu kwa kwenda darasani, kisha akafungua darasa. Dada zangu mnaokimbia fizikia na kemia mkisema eti ni masomo ya wavulana, wakumbukeni wale 14 wa mwaka 1922. Huenda kuna mtu anayebisha hodi usiku huu, na anayetafutwa ni wewe.