Livingstone: Saa ilimdanganya, macho yakamwokoa

Mshale wa spidi kwenye gari huruhusiwa kudanganya, ila upande mmoja tu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema hivi: ukienda 100, unaweza kusoma hadi 114, lakini usisome chini ya 100. Kosa linawekwa upande salama.

Dk. David Livingstone, anayekumbukwa Ujiji mpaka leo, hakuwa na kinga hiyo.

Alizaliwa Scotland mwaka 1813, akaanza kazi kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, baadaye akawa daktari na mmisionari. Mwaka 1866 aliingia bara kutafuta chanzo cha mto Nile.

Kujua alipo upande wa mashariki au magharibi, alitegemea saa maalumu, kronomita. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa ikikosea dakika 1 tu, kwenye ramani unahama kama kilomita 27.

Januari 1867, mbebaji wa saa hizo aliteleza na kuanguka. Saa hazikusimama. Ziliendelea kutembea, ila vibaya, na hapo ndipo hatari ilipo: saa iliyokufa unaijua, inayodanganya unaiamini. Vipimo vikahama. Baadaye, sanduku lake la dawa nalo likaibwa.

Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta mali nyingi alizotumiwa zimeshaibwa. Alirudi tena mwaka 1871, na hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta. Kumbe hata tarehe zilikuwa zimempotea. Alikuwa amekosea hesabu ya siku kwa wiki kadhaa.

Wawili hao walipanda mtumbwi hadi kaskazini ya Ziwa Tanganyika kumaliza ubishi: mto Rusizi unatoka ziwani kwenda Nile, au unaingia? Hapo hawakuhitaji saa. Waliangalia maji tu. Yalikuwa yanaingia. Jibu hilo halijabadilika mpaka leo.

Livingstone alikataa kurudi Uingereza. Alielekea Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo, ambalo alilichora mwaka 1868 kwa vipimo vile vile vibovu. Safari hii ramani yake mwenyewe ikamchanganya, kwenye matope na mvua, huku akitokwa damu tumboni.

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo. Chuma, Susi na wenzao walibeba mwili wake hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Alizikwa London Aprili 1874.

Mto Lualaba, aliodhani ndio Nile, ulikuja kuthibitika mwaka 1877 kuwa ni Kongo. Stanley aliufuata hadi baharini.