Mama Aliyekauka Sauti: Mary Sumner

Tunapopanga mafungo ya akina mama kule Kahendero, wengi wanasema hawawezi kusimama mbele ya watu. Basi tumkumbuke Mary Sumner, mke wa mchungaji.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1828, akaolewa na George Sumner mwaka 1848. Mungu aliwapa watoto watatu. Alipopata mjukuu, alikumbuka hofu yake mwenyewe aliposhika mtoto wa kwanza. Sisi tuliovuka Mpondwe na watoto mgongoni, bila mama mzazi wala shangazi karibu, tunaijua hofu hiyo.

Mwaka 1876 akawaita akina mama wa kijiji cha Old Alresford nyumbani kwake, matajiri na maskini pamoja, jambo geni siku zile. Wakaja. Lakini sauti ilimkauka! Mwenye mkutano hakuweza kusema, akawaomba tu warudi wiki itakayofuata. (Fikirini aibu yake, na wageni wamekwisha kuketi.) Wakarudi, naye akasema.

Kwa miaka tisa kazi ilibaki parokiani. Ndipo mwaka 1885, mjini Portsmouth, askofu mmoja aliona hana la kuwaambia wanawake waliokusanyika, akamwomba Mary azungumze. Kutoka hapo Umoja wa Akina Mama ulienea dayosisi kwa dayosisi, hata ukafika Uganda na Kongo.

Alilala katika Bwana mwaka 1921, akiwa na miaka 92.

Majina ya watakaofundisha kwenye mafungo bado yanapokelewa baada ya ibada.