Homa ya maziwa mabichi: Mjue David Bruce, mwenye jina la brusela

Kama umekulia Garissa, Wajir au Mandera, neno brusela si geni kwako. Ni ile homa inayokuja na kuondoka. Usiku unatokwa jasho, mgongo na viungo vinauma, unameza dawa za malaria, unameza za taifodi, na wiki inayofuata umelala tena. Hatimaye unapimwa damu, unaambiwa ni brusela, unapewa dawa za wiki sita. Je, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Ni la mtu. Aliitwa David Bruce.

Bruce alizaliwa 1855 mjini Melbourne, Australia. Wazazi wake walikuwa Waskoti na walirudi kwao akiwa na miaka mitano. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi ya ghala Manchester. Alichotamani ni michezo, wala si udaktari, lakini nimonia ilimwangusha akiwa na miaka 17 na mambo ya michezo yakaishia hapo. Akarudi darasani, akahitimu udaktari Edinburgh mwaka 1881. Mwaka 1883 alijiunga na jeshi la Uingereza na kumwoa Mary Steele. Usimsahau huyu Mary.

Mwaka 1884 walitumwa Malta, kisiwa kidogo katika Bahari ya Mediterania. Huko wanajeshi walikuwa wakilazwa miezi na miezi kwa homa isiyoeleweka. Mary alijifunza kazi ya maabara, akawa anamsaidia mumewe na kuchora yaliyoonekana kwenye hadubini. Mwaka 1887 Bruce alitangaza kwamba amekipata chanzo: bakteria aliyemtoa katika wengu za askari waliokufa.

Sasa hapo ndipo penye kioja. Bakteria ameonekana, lakini anaingiaje mwilini? Miaka 18 ilipita bila jibu. Watu walilaumu hewa, wakalaumu mitaro ya maji taka. Bruce mwenyewe alikuwa ameshahamia kazi nyingine. Mwaka 1903 alikuwa hapa jirani, Entebbe, Uganda, pamoja na Mary, wakichunguza malale. Kikosi chake ndicho kilichoonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeusambaza ugonjwa huo.

Kumbe kule Malta mwenye kosa alikuwa akitembea barabarani kila siku! Wachungaji walikuwa wakiswaga mbuzi hadi mlangoni kwa mteja, mbuzi anakamuliwa mbele yako, unapokea maziwa yakiwa bado na joto lake. Nani angeyashuku?

Mwaka 1904 Bruce alipewa kuongoza tume ya kuichunguza homa hiyo. Mwaka uliofuata mmoja wa wanatume, daktari Mmalta Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa. Wengi walikutwa na maambukizi, na baadhi walikuwa wakitoa bakteria kwenye maziwa. Kwa maoni yangu Zammit alipunjwa: kitendawili alikitegua yeye, jina likaenda kwa Bruce.

Mwaka 1906 jeshi lilipiga marufuku maziwa ya mbuzi na homa ikashuka upesi kambini. Raia nje ya kambi waliendelea kunywa mabichi, na waliendelea kuugua.

Rudi sasa Garissa. Mfugaji akikwambia ngamia wake ni mzima, hakudanganyi. Anaonekana mzima, kama mbuzi wa Malta. Maziwa yanatoka malishoni kwa mitungi ya plastiki, yanapita mikono kadhaa, na ya mnyama mmoja mwenye maambukizi yanachanganywa na ya wengine kumi. Huwezi kuyajua kwa macho wala kwa harufu. Kufukiza kibuyu moshi kunayapa ladha tamu, hilo sibishi, lakini moshi haufanyi kazi ya moto. Kuyagandisha yawe suusac nako si kinga ya kutegemea. Chai yenu ya maziwa ya ngamia haina shida hii, kwa sababu imechemka.

Najua utaambiwa maziwa yakichemshwa yanaisha nguvu. Vitamini kiasi hupungua, ni kweli. Protini na kalsiamu zinabaki. Basi yachemshe hadi yafure, yafunike, na tafadhali usiyarudishe kwenye mtungi uleule uliobeba mabichi kabla hujauosha vizuri. Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu kazi yote. Na mnyama akitupa mimba, usimshike mtoto wake wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, maana brusela hupitia hapo pia.

Bruce alipewa cheo cha Sir mwaka 1908. Mwaka 1920 wanasayansi waliipa jamii ile ya bakteria jina lake. Mary, aliyekuwa naye Malta na Uganda, alifariki Novemba 1931. Siku nne baadaye, ibada ya kumuaga ikiendelea London, Bruce naye akakata roho.