Habib Saleh na Mlango wa Chuo

Kila nisikiapo baraza la chuo kikuu limeketi kuamua nani asome na nani abaki nje, mimi niliye Matondoni humkumbuka Habib Saleh. Sharifu huyu, mzaliwa wa Ngazija, alilowea Lamu katika karne ya 19. Wakubwa wa mji waliihesabu elimu ya dini kuwa milki ya koo zao. Yeye akawasomesha watumwa, wana wao na wageni. Wakamnung'unikia sana. Hakubishana nao. Alijenga Riyadha upande wa Langoni, pembeni mwa mji, msikiti pamoja na chuo. Hakuwa na baraza la kumpigia kura. Uamuzi ulikuwa wake, na lawama zake pia. Alifariki mwaka 1935, wanawe wakakipokea chuo.